Muhuri wa Kahawa

Benchi hili ni langu, nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililiunga mwenyewe kwa mbao za makasha ili wateja wangu wa viatu wapate pa kukaa wakingoja, lakini wateja hawalioni. Limekaliwa na watu wenye viatu vizima na maneno mengi. Kulia kwangu yupo Shangazi na birika lake la kahawa. Mbele yetu, hatua kama kumi na tano, lipo Jengo la Kale: kuta nene, ghorofa mbili, madirisha sabini na mawili ya mbao yenye vioo vya zamani, vile ambavyo ukichungulia unaona mtu wa upande wa pili amepinda. Mlangoni pana kibao kwamba jengo linalindwa na sheria, asiguse mtu. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Mkaguzi wa Ofisi ya Majengo ya Kale alikuwa anakuja saa nne kamili kutazama kazi ya madirisha, na mwenye kazi hiyo, seremala tunayemwita Randa, alikaa ukingoni mwa benchi langu na kikombe kilichojaa mpaka juu. Hajakigusa. Randa akiacha kahawa ipoe, ujue kuna jambo.

Shangazi: Randa, kunywa. Kahawa haijamkosea mtu.

Randa: Nitakunywa akishaondoka.

Wakili: Tulia, bwana. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Randa: Mimi siumwi.

Wakili: Ndiyo maana nakwambia mapema.

Huyu Wakili si wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na mitatu, akibeba mafaili kwapani mpaka harufu ya mafaili ikamwingia. Mtaa wetu huu barua haihesabiki kuwa imesomwa mpaka aisome yeye, tena kwa sauti, tena amesimama.

Fyuzi: Vioo vyote vizima?

Randa: Vyote. Kila dirisha vioo sita, hakuna hata kimoja chenye ufa. Nimevipitia jana, nimevipitia leo kabla hakujakucha vizuri.

Fyuzi: Na kimoja kikikutwa kimevunjika?

Randa: Jina langu linatoka kwenye orodha. Mafundi wanaoruhusiwa kugusa majengo ya kale ni wanne mji mzima, Fyuzi. Wanne. Mimi nimengoja miaka tisa kuwa wa nne.

Shangazi: Basi usimuulize tena, Fyuzi. Unamkausha mate.

Fyuzi ni fundi umeme. Huyo usimwulize saa ngapi, atakueleza saa inavyotengenezwa.

Fyuzi: Mimi ninachosema, kazi yenyewe ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Joto halikai. Joto ni kama umbea, linapita hata kwenye tundu la ufunguo. Wale maofisa mle ndani wanawasha hita tangu asubuhi mpaka jioni, na barabara ndiyo inayoota moto. Nyumba mpya wanaweka vioo viwili na hewa katikati, basi. Hapa sheria imekataa.

Wakili: Imekataa kwa sababu vioo vile ni mashahidi. Vimeona mengi.

Fyuzi: Si mashahidi. Kioo ni maji yaliyochelewa. Vinatiririka polepole. Ndiyo maana ni vinene chini. Miaka mia mbili ijayo vyote vitakuwa vimeshuka kwenye kizingiti, mtavikusanya kwa ndoo.

Randa: Nimevishika vyote kwa mikono hii. Vingine ni vinene juu.

Fyuzi: Hivyo viliwekwa kichwa chini.

Mimi nilicheka. Randa hakucheka. Alikuwa akitazama ghorofa ya kwanza, dirisha la kona.

Shangazi: Hata mimi nalitazama hilo hilo. Leo Bibi hajatutukana.

Niwaeleze. Bibi ni mama mkwe wa Randa, na ndiye binadamu pekee anayelala ndani ya jengo lile. Vyumba vingine ni ofisi na stoo. Alilifagia tangu usichana wake, na alipozeeka wakamwachia chumba kimoja cha kona. Kila asubuhi, saa mbili haijagonga, hufungua dirisha, hupiga kikombe chake cha bati kwenye kizingiti, na kabla hajataja kahawa hututukana mmoja mmoja kwa zamu. Mimi ananiita Kisigino. Akishamaliza orodha, Shangazi humpandishia kahawa. Nikisema kweli, asiponitukana siku yangu haikai sawa.

Randa: Atawatukana kupitia wapi? Dirisha halifunguki. Lake niliacha liwe la mwisho, jana jioni, ili mkono uwe umeshazoea. Puti nje, gundi ndani, misumari ya shaba pembe zote nne. Halafu mlango nao nikaupigia mpira kwa chini.

Mimi: Mpira wangu huo. Ule wa soli nene.

Randa: Mpira wako, ahsante. Hakuna hata sisimizi anayepita. Akanishika mkono, jamani. Mwaka wa kumi na sita huu mimi ni mkwe wake, jana ndiyo mara ya kwanza ananishika mkono. Akasema, "Mwanangu, leo nitalala." Jiko moja tu la mkaa, joto linakaa mpaka asubuhi.

Shangazi: Jiko liko ndani?

Randa: Litakuwa nje, na baridi hii?

Shangazi alifuta mdomo wa birika, akaufuta tena.

Wakili: Mwacheni mama wa watu alale. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Shangazi: Bibi hajalala mpaka saa tatu tangu nimjue.

Wakili: Kwa sababu alikuwa hajapata joto tangu umjue.

Ilikuwa imeshapita saa tatu na robo. Mlinzi wa mlangoni aliletewa chai, akaipokea na kurudi kwenye kibanda chake. Kwenye meza yangu ya kazi palikuwa na mabuti yake mawili, nimeyatia chuma kisiginoni, bado kupakwa rangi.

Shangazi: Na yule karani wa juu kabisa, yule mwembamba. Jana alishuka kunywa kahawa mara tatu. Anasema kichwa kinamgonga tangu madirisha yake yazibwe. Anasema akishuka tu hapa chini kinapoa.

Fyuzi: Hiyo mimi naijua. Joto likikosa njia linakwenda juu. Likifika juu linakuta dari. Likishindwa na dari linarudi chini kwa hasira, na kitu cha kwanza linachokutana nacho ni kichwa cha karani.

Randa: Fyuzi.

Fyuzi: Ngoja nimalize. Sasa madirisha sabini na mawili yamezibwa yote, joto lote linajikusanya pale juu. Mmeshaona puto? Puto si uchawi, ni joto limefungiwa. Mimi nasema hita zile zikiwashwa zote kwa pamoja, siku moja mtaamka, jengo limenyanyuka.

Wakili: Haliwezi. Linalindwa na sheria.

Fyuzi: Litanyanyuka na sheria yake.

Wakili: Likinyanyuka litakuwa limehama bila kibali. Kesi hiyo naisimamia mwenyewe.

Mimi: Na Bibi atakuwa ndani, anatutukana kutoka mawinguni.

Randa: Nyamazeni!

Si kawaida yake kupaza sauti. Randa ni mtu ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi mguu wake ulikuwa njiani. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha aliyoivisha mfuko wa plastiki.

Randa: Wakili, nisomee tena. Akinihoji nataka niwe na maneno yake yenyewe mdomoni.

Randa anasoma rula kuliko mtu yeyote ninayemjua. Herufi ndogo za ofisi ndizo zinazomkimbia, na miwani yake aliikalia mwaka juzi. Kwa hiyo barua ile ilipokuja, wiki tano zilizopita, ilifunguliwa hapa hapa, juu ya benchi langu, Wakili akaisoma na sisi tukiwa tumeizunguka. Katika kuizunguka, kikombe cha kahawa kikawekwa juu yake. Kilipoondolewa kiliacha duara jeusi, na wino wa pale ukachuruzika. Wakili alisema chanda chema huvikwa pete. Fyuzi akasema huo ndio muhuri wa kijiwe, barua isiyo nao si halali. Tulicheka sana siku ile. Hakuna aliyeuliza kikombe kilikuwa cha nani.

Wakili akasimama. Akakunja mikono ya shati kana kwamba anakwenda kuchinja.

Wakili: "Kwa fundi. Yahusu: kupunguza upotevu wa joto katika jengo linalolindwa. Unaagizwa kama ifuatavyo. Moja: Vioo vya asili visiguswe. Mbili: Fremu za asili zisibadilishwe. Tatu..." Hm. Hm! "Madirisha yazibwe ili joto lisipotee. Nne: Mkaguzi atakagua kazi ikikamilika." Sahihi, tarehe, basi. Una lingine?

Shangazi: Mbona umekohoa?

Wakili: Kahawa yako ina machicha.

Shangazi: Hata siku ile ya kwanza ulikohoa hapo hapo. Kwenye tatu.

Wakili: Sasa hata kukohoa niombe ruhusa?

Fyuzi: Lete.

Wakili: Hulijui wewe hili, hili si nyaya.

Fyuzi: Lete, nimesema.

Akamnyang'anya. Fyuzi akaisogeza barua karibu na pua, akafuata mstari kwa kucha.

Fyuzi: Hapa hapakuandikwa "yazibwe". Pameandikwa "izibwe".

Wakili: Najua.

Fyuzi: Unajua?

Wakili: Nimerekebisha. Dirisha li, madirisha ya. Dirisha lizibwe, madirisha yazibwe. Mtu amekaa ofisini, amepewa kiti cha kuzunguka, hajui ngeli, mimi nisome makosa yake mbele za watu? Mahakamani kwetu hukumu ziliandikwa kwa Kiswahili safi mpaka mfungwa anatoka anashukuru.

Fyuzi: Umerekebisha barua ya serikali.

Wakili: Nimeisaidia.

Fyuzi: Haya. Na hii em ndogo? Moja, "Vioo", vii kubwa. Mbili, "Fremu", efu kubwa. Tatu, "madirisha", em ndogo. Nayo umeisaidia?

Wakili: Waliandika mbio mbio. Haraka haraka haina baraka.

Randa: Fyuzi. Kabla ya hiyo em kuna nini?

Fyuzi: Kuna muhuri wetu.

Randa: Na chini ya muhuri?

Wakili: Karatasi.

Randa alisimama. Kikombe chake kilichojaa kikaanguka, kahawa ikapita katikati ya miguu yetu, na hakuna aliyeisogezea mguu.

Randa: Nakuuliza kwa adabu, Wakili. Wewe ni mkubwa wangu. Siku ile uliponisomea, uliliona neno lililokuwa pale au hukuliona?

Wakili: Palikuwa pameshalowa.

Randa: Uliliona au hukuliona?

Wakili: Ningeonaje pamelowa? Nilichokiona nilikisoma, kilichokuwa hakijakaa sawa nikakiweka sawa. Miaka yote nawasomea barua zenu hapa. Za ardhi, za hospitali, za watoto wenu waliofukuzwa shule. Nani amewahi kunirudia na malalamiko? Kama hukuniamini ungeisoma mwenyewe.

Hilo lilikuwa neno baya, na yeye mwenyewe alilisikia lilipokwisha kutoka. Randa uso ulimshuka. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na cha kusema, tena kikubwa, kimekaa kooni tangu Fyuzi alipotaja muhuri. Nikachukua msasa nikaanza kusugua kisigino cha buti ambacho nilikuwa nimeshakisugua.

Randa: Nimepigilia misumari mia mbili themanini na minane. Minne kila dirisha. Nilijiuliza, wallahi nilijiuliza. Dirisha la watu, kulifunga milele? Nikasema Wakili amesoma, mimi ni nani.

Wakili: Na ulifanya vizuri! Kuziba ni kuziba. Hata wahenga wametuachia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkaguzi akija mwambie hivyo hivyo, atakosa la kujibu.

Shangazi: Ufa.

Wakili: Nini?

Shangazi: Wahenga wamesema uzibe ufa. Hawakusema uzibe dirisha.

Nimekaa kwenye benchi hili miaka kumi na moja, nimesikia methali zikipigwa, zikipindwa, zikivishwa nguo za wengine. Sijawahi kusikia moja ikirudi kukaa mahali pake kwa namna ile. Fyuzi akainua barua juu, akaielekeza kwenye mwanga, akaanza kuitazama kwa upande wa nyuma.

Hapo ndipo alipotokea yule mama wa mkaa. Hatukuwa tunamjua. Alikuwa na kiroba begani, masizi mpaka kwenye nyusi, na alitoka upande wa mlango wa Jengo la Kale akatujia sisi moja kwa moja.

Mama wa mkaa: Hamjambo hapa. Samahanini, ndugu zangu. Nimeleta mkaa wa yule bibi wa kona. Jana nilimletea kiroba, akasema nirudi na kingine leo asubuhi. Nimegonga mlango mpaka vidole vinaniuma, kimya. Jana aliniambia nisipomsikia mlangoni nimwite dirishani. Sasa dirisha lake linafungukia upande gani?

Macho yetu yote yalikwenda kwenye dirisha la kona.

Alitutazama mmoja mmoja, akadhani hatukumwelewa.

Mama wa mkaa: Dirisha lake. La kufungua. Ni lipi?

Fyuzi: Mianya.

Alisema kwa sauti ndogo, barua bado iko juu, mwanga unapita ndani ya lile duara.

Fyuzi: Kuna em, kuna i, a... Mianya ya. "Mianya ya madirisha izibwe." Mianya, jamani. Vile vijinafasi vya pembeni vinavyopitisha upepo. Mianya ndiyo izibwe. Dirisha lenyewe libaki linafunguka.

Randa alikuwa ameshaondoka. Sijawahi kumwona akikimbia. Nilimwona mgongo tu, ukiingia mlangoni na mlinzi akirushwa pembeni na chai yake. Shangazi akamfuata, ameacha birika motoni na vikombe chini, anakimbia kwa kanga iliyomfunguka nusu. Tukiwa barabarani tukasikia mapigo ya kwanza mlangoni kwa Bibi. Bega, tena bega. Mlango ule ni wa mbao ngumu ya zamani, unalindwa na sheria, na kwa chini umeshikwa na mpira wangu.

Wakili: Wapigieni simu... wapigieni...

Fyuzi: Napiga! Napiga hospitali, nyamaza nisikie!

Mimi nilisimama chini ya dirisha la kona. Vioo sita, vimetulia, vinanionyesha mawingu yaliyopinda. Nyuma yake sikuona kitu. Nikaita Bibi. Nikaita tena. Nikasema, "Ni mimi, Kisigino!" Nilirudi mezani kwangu nikachukua buti la mlinzi, nikalirusha. Likagonga ukuta, likanirudia. Nikachukua la pili kwa unyayo, chuma mbele, nikarusha kwa nguvu ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi mwilini mwangu miaka yote hii ya kukaa.

Kioo kilichokaa pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa kilivunjika kwa sauti ndogo tu. Niliona aibu na furaha kwa pamoja. Nikaokota buti la kwanza nikavunja cha pili. Mama wa mkaa akatupa kiroba chini, akaokota jiwe, akavunja cha tatu. Alikuwa na shabaha kuliko mimi.

— Nani anavunja vioo hapa?

Sauti ya nyuma yetu. Mwanamke wa makamo, koti la kijivu, faili kifuani. Saa nne ilikuwa inagonga. Alikuwa amesimama na viatu vyake vizuri juu ya vipande vya kioo.

Mimi: Mimi. Na nikipata buti lingine nitavunja kingine.

Mkaguzi: Unajua jengo hili...

Mimi: Mama, kuna mtu mle ndani, na jiko la mkaa, na hakuna pa kupita pumzi. Shika jiwe au kaa pembeni.

Hakushika jiwe, lakini alikaa pembeni. Tukasikia mlango wa juu umeachia, kishindo, na Shangazi akapiga ukelele mmoja mrefu ambao hata leo sipendi kuukumbuka. Wakili alikuja akasimama karibu yangu. Alikuwa anasema maneno yasiyotoka, na safari hii hayakuwa methali.

Randa alitokea dirishani. Alikuwa amempakata Bibi kama mtoto, akampitisha kichwa taratibu kwenye ule uwazi, vipande vya kioo vikimkwaruza yeye mkononi. Uso wa Bibi ulikuwa umelegea. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemtoka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zote ni nyeupe. Mdomo wazi. Sote watano pale chini tuliinua nyuso. Maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, na matusi yote niliyakimbia. Asubuhi ile nilisimama nikiomba Mungu nitukanwe.

Akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kibaya cha kutoka chini kabisa, Randa anamshika kifua anamwambia, "Mama, vuta. Vuta, mama." Jicho moja likafunguka. Likazunguka barabarani, likanipata.

Bibi: Kisigino... baridi hiyo. Fungeni dirisha.

Fyuzi alikaa chini kwenye lami na simu yake sikioni, akilia na kuelekeza njia kwa mtu wa gari la wagonjwa, kushoto kwenye duka la vitambaa, moja kwa moja, kushoto tena. Mimi nilirudi kwenye benchi langu, nikakaa pale pale pa Randa.

Mkaguzi alikuja akasimama mbele yetu. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alitazama madirisha, moja baada ya jingine, ghorofa zote, akaona puti na vichwa vya misumari ya shaba vikimetameta kila pembe. Alifungua faili lake. Ndani palikuwa na karatasi yenye majina manne. Akatoa kalamu, akaiweka juu ya jina la nne, ila hakuandika kwanza.

Mkaguzi: Nani alimwambia azibe madirisha?

Wakili alifuta uso kwa kiganja.

Wakili: Barua.

Mkaguzi: Barua niliiandika mimi. Niliandika mianya.

Barua ilikuwa imebaki juu ya benchi, pale Fyuzi alipoiacha. Mkaguzi aliiokota. Akaisoma tangu juu, bila kukohoa mahali popote, na alipofika kwenye tatu akasimama. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akapitisha kidole taratibu kuzunguka lile duara, mpaka likafunga.

Mkaguzi: Na huu muhuri, ni wa ofisi gani?

Fyuzi akatazama chini. Wakili, ambaye ana jibu la kila kitu, alinitazama mimi. Sijui nilikiokota saa ngapi, lakini kikombe changu, kile kile cha siku ile, kilikuwa mkononi mwangu, kimelowa chini, na sikupata mahali pa kukiweka.